Mama Redio Apanga Safari ya Bia

Kwenye yadi ile ya malori palikuwa na sheria mbili ambazo hazikuandikwa popote na kila mtu alizijua. Ya kwanza, dereva haombi safari. Dereva hukaa kwenye benchi chini ya paa la bati, hunywa chai yake, husubiri kutajwa. Ya pili, mpangaji hapandi gari. Mpangaji ana kiti chake, ana redio, ana ubao mweupe wa safari. Akikiacha kiti akapanda lori, nani atajua gari gani limekwama wapi?

Sasa chukua dereva mmoja na mpangaji mmoja, uwafungishe ndoa, uwaache hivyo miaka thelathini na ushee, halafu uone watakavyokuwa.

Mpangaji ndiye Mama Redio. Jina alipewa na madereva, maana wengi waliijua sauti yake kabla ya sura: sauti nzito, isiyo na papara, ya mtu ambaye hata ukimwambia lori limeingia mtaroni atakuuliza kwanza kama umekula. Mumewe aliendesha Gari la Saba, na kwenye bampa ya nyuma ya gari hilo paliandikwa neno moja kubwa jekundu, TARATIBU, basi na yeye akawa Mzee Taratibu. Miaka yote hiyo mke alituma, mume akatumika, na sehemu kubwa ya ndoa yao ilipita hewani.

"Gari la Saba, uko wapi?"

"Nimeshapita mizani."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Mtoto ameota jino."

"Alhamdu... la juu au la chini?"

Na madereva wote waliokuwa njiani, kila mmoja na mzigo wake, walisikia kwamba ni la chini, wakapiga honi mmoja mmoja huko waliko kumpongeza.

Mzee Taratibu alistaafu mwanzoni mwa mwaka. Wiki za kwanza alilala. Alipochoka kulala akaanza kutengeneza vitu ambavyo havijaharibika. Alifungua pasi, akaifunga, ikabaki na skrubu moja ya ziada ambayo mpaka leo hakuna anayejua ilitoka wapi. Mama Redio akirudi kazini jioni anamkuta amekaa mlangoni kama mgeni aliyekosea nyumba, na roho inamuuma.

Ndipo siku moja mdogo wake Mama Redio wa kiume, dereva wa yadi hiyo hiyo ambaye wote walimwita Spana, akamletea shemeji yake chupa moja ya bia kutoka mji wa mlimani. Haikuwa bia ya viwanda vikubwa, ile ambayo ukinywa ya leo na ukinywa ya mwakani ladha ni ile ile. Hii ilipikwa kwenye kiwanda kidogo cha watu wachache, na karatasi ya chupa ilibandikwa kwa mkono, tena imekwenda upande.

Mzee alimimina kwenye glasi. Akanusa. Akanusa tena. Akaonja, akakaa wima kwenye kiti kama aliyeitwa jina lake.

"Mama! Njoo hapa! Acha hicho unachofanya, njoo unuse!"

Mama Redio akatoka jikoni na mikono yenye maji. "Kuna nini? Imeharibika?"

"Hiki ni kimea. Harufu hii naijua. Nimeibeba mgongoni kwangu maisha yangu yote!"

Na kweli alikuwa ameibeba. Gari la Saba lilikuwa gari la shayiri na kimea, yaani shayiri iliyoloweshwa ikachipua kisha ikakaushwa mpaka ikanukia kama mkate unaokaribia kuungua. Kila wiki Mzee Taratibu alipita katikati ya mji wa mlimani na magunia yake, akielekea kiwanda kikubwa kule mbele. Mwaka hadi mwaka aliona viwanda vidogo vya bia vikichipuka mjini hapo, kimoja kwenye gereji, kingine kwenye ghala la zamani. Lakini hakuonja hata tone. Dereva hanywi njiani, na yeye alilishika hilo kuliko wengine walivyozishika dini zao.

"Nimepita pale nikinusa tu," alisema, "kama paka nje ya bucha. Mama, nataka kwenda kunywa pale pale panapopikwa. Wewe panga. Hakuna anayepanga safari kama wewe."

Macho yake yalikuwa yanawaka. Mama Redio alikuwa hajayaona hivyo tangu siku alipokabidhi funguo za lori. Moyo wake ukaruka, na ulipotua ulitua na tamaa yake yenyewe. Maana kilikuwepo kitu kimoja alichokitaka kwa miaka yote, na hakuwahi kumwambia mtu: akae ndani ya gari pembeni ya mume wake, waende mahali pamoja. Popote. Barabara zote alizijua kwa sauti, kila kona, kila mteremko na daraja, na hakuna hata moja aliyoiona kwa macho.

Angesema tu. Lakini mtu aliyezoea kuwatuma wengine hajui kujituma. Mganga hajigangi. Akajiambia, akitaka twende wote, atasema mwenyewe.

Kesho yake, mchana redio ilipotulia, aliugeuza ule ubao mweupe upande wa nyuma akaandika. Gari: la kukodi. Dereva: binti wa teksi wa mtaa wa pili, asiyekunywa na anayejua kunyamaza. Abiria: Mzee Taratibu, Spana. Akaishika kalamu hewani kidogo juu ya nafasi ya tatu, kisha akaifunga.

Halafu akainua simu, maana safari haipangwi kwa kuotea, na kuuliza si ujinga. Alianza na fundi matairi wa mlimani, ambaye alikuwa amezungumza naye mara nyingi kuliko alivyozungumza na dada zake, na hawakuwahi kuonana.

"Mama Redio! Gari gani lina pancha?"

"Leo hakuna pancha. Nataka habari za bia."

"Bia? Bia ya kunywa?"

"Hapana, ya kuoshea vioo. Bia ya kunywa, bwana! Mzee Taratibu anakuja kuonja. Nipe njia."

Loo, fundi alifurahi mpaka akaangusha kitu kizito huko aliko. Alimtaja Mzee Taratibu kwa wenzake, na nyuma ya simu zikasikika sauti nne zikishauri kwa pamoja. Waanze darajani. Wasianze darajani, ya darajani ina maji. Waende kwa yule wa gereji, anatia maganda ya machungwa. Machungwa gani, yule mwizi tu! Fundi akawanyamazisha wote, akasema bia ya darajani haina mfano duniani. Mama Redio, ambaye hakuzaliwa jana, akauliza, "Na mwenyewe ni nani wako?"

"Ni... shemeji yangu. Lakini hilo halihusiani!"

Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Hata hivyo fundi alikuwa na mawili ya maana. La kwanza, wasianze na ile nyeusi, kwa sababu ulimi ukishalala juu ya bia nyeusi, zote zinazofuata utadhani maji ya bomba. La pili, wale washibe kwanza. "Zile zenye hopsi nyingi, yale maua machungu, zinapanda kichwani bila kubisha hodi."

Mama Redio aliandika waanze darajani, wapande mpaka juu, kwa sababu ndivyo gari linavyoingia mjini. Akapanga vituo, akaweka saa ya kufika na saa ya kuondoka kila kituo. Akautazama ubao akaridhika. Lori lolote lingependa ratiba ile.

Kisha akampigia mama wa nyumba ya wageni, ambaye madereva wa yadi hulala kwake, na ratiba yote ikaanguka chini.

"Kupanda?" mama yule aliuliza. "Mwenzangu, mji wetu ni ngazi tupu. Mtu akishakunywa, kushuka atashuka mwenyewe. Kupanda, mtamsukuma kama mkokoteni. Waanzie juu washuke, na mwisho wa mteremko waukute mlango wangu."

"Fundi matairi kasema..."

"Fundi matairi hana miguu, ana jeki. Na Jumatatu wasije, wapika bia wote wanaosha matangi, mji mzima unanuka sabuni. Sasa nikwambie siri? Anayepika vizuri kuliko wote hana hata kibao mlangoni. Nyuma ya posta ya zamani, palipokuwa na tanuri la mikate. Mwanamke mmoja, yeye na matangi yake mawili. Hafungui mlango mpaka tangi liive. Ngoja nikupe namba yake."

Mama Redio akafuta ubao. Nahodha wengi chombo huenda mrama, lakini yeye alikuwa anafurahia kila wimbi. Alijikuta akitabasamu peke yake, na binti wa zamu ya mchana, ambaye yeye alikuwa akimfundisha kazi, akamtazama kwa wasiwasi.

Mpika bia wa tanuri alijibu kwa sauti ya mtu ambaye mikono yake imelowa.

"Bia yako itakuwa tayari lini?" Mama Redio aliuliza.

"Ikiiva."

"Itaiva lini?"

"Itakaponiambia."

"Dada, mimi napanga safari. Hakuna mzigo usio na tarehe."

"Huu ndio huo. Ndani mle kuna hamira, na hamira ni kiumbe hai. Inakula sukari ya kimea. Ikishiba inatulia. Siwezi kuipangia saa ya kushiba."

Mama Redio alihisi hasira inampanda, akakumbuka anaomba, ikashuka. "Sasa unajuaje kama inaendelea kula?"

"Sikiliza," yule mwanamke akasema, na simu ikasogezwa mahali. Kukawa kimya, halafu ikasikika sauti ndogo, kama mtu anayemeza maji: glup. Kimya. Glup. Glup. Mpika bia akarudi. "Umesikia? Pumzi yake inatoka kwenye mrija, inapita kwenye ndoo ya maji. Mapovu yakiwa mengi, inakula. Yakipungua, inashiba."

Hapo Mama Redio aliketi vizuri. Mpika bia huyu alikuwa ameigusa kazi anayoijua yeye. Maisha yake yote alikuwa amejua hali ya gari kwa kusikiliza: injini iliyochoka nyuma ya sauti ya dereva, mvua kwenye bodi, hata dereva anayedanganya kwamba hana usingizi. Akaomba asikilizishwe tena. Kesho yake akapiga simu asikilize tena, na kesho kutwa. Ikawa ndiyo desturi, mchana redio ikilala, Mama Redio anafumba macho na simu sikioni, anasikiliza bia inapumua mlimani. Binti wa zamu aliacha kuuliza.

Siku moja akasema, "Leo imebadilika. Kati ya povu na povu kuna nafasi. Na sauti imekuwa nyembamba."

Mpika bia akashusha sauti. "Nami nimeona asubuhi. Nilidhani ni macho yangu tu."

"Alhamisi?"

"Alhamisi," akakubali, akacheka. "Jamani! Sijawahi kuona mtu wa hivi. Haya niambie, huyo mzee anapenda ladha gani, nimwekee glasi inayomfaa."

Kwa hilo Mama Redio hakuhitaji kufikiri. Chai yake haitaki sukari. Mkate anapenda ule wa pembeni, ulioungua kidogo. Matunda yakiwa matamu sana anasema ni ya watoto. Anaweza kunywa kitu kichungu akafurahi, mradi mwishoni kiwe na ukarimu kidogo.

"Basi namjua," mpika bia akasema. "Na wewe nikuwekee ipi?"

"Mimi? Mimi siji. Nakaa kwenye redio."

"Eeeh? Mimi siku zote hizi nilijua wewe ndiye msafiri! Huyo mzee sijamsikia hata kukohoa."

Mama Redio akacheka, akaaga, akakata simu. Kisha akakaa akiitazama ile nafasi ya tatu kwenye ubao. Alitaka kwenda. Alitaka sana, na akaona aibu, mtu mzima kama yeye, kutamani safari ya mwenziwe kama mtoto anayechungulia keki ya jirani.

Nyumbani furaha ilikuwa imejaa hadi darini. Kila jioni Mzee Taratibu alimsubiri mlangoni, si kama mgeni tena, kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. "Enhe, leo wamesema nini?" Naye anamsimulia: juu kwenda chini, nyeupe kabla ya nyeusi, tanuri nyuma ya posta. Spana anakuja, wanapanga glasi za maji mezani na kufanya mazoezi ya kunusa, wazee wawili wameingiza pua kwenye glasi.

"Hii ina harufu ya machungwa," Spana anasema.

"Hayo ni maji, shemeji."

"Nimesema ina harufu. Sijasema ina machungwa."

Mzee alinyoosha mashati, akapiga viatu rangi. Akatoa sanduku kubwa juu ya kabati, Mama Redio akamwambia begi dogo linatosha, mzee akamtazama kama hakumwelewa, akalifuta vumbi lile lile kubwa. Mama Redio akajisemea, uzee umeanza.

Jumatano jioni alirudi nyumbani na habari nzuri ya mwisho, kwamba binti wa teksi amejaza mafuta na atawachukulia yadini asubuhi. Alikuta chumbani sanduku limefunguliwa kitandani, na mumewe anatoa mashati moja moja, anayarudisha kabatini.

"Unafanya nini?"

"Siendi."

"Huendi wapi?"

"Safari yako ya bia. Siendi. Mwache Spana aende, akanuse machungwa."

Mama Redio akadhani anatania. Alipoona hatanii, damu ikamchemka. "Wiki tatu! Wiki tatu napiga simu kama mwendawazimu, nasikiliza ndoo ya maji, nimefuta ubao mpaka umetoboka, halafu huendi? Nani kakuudhi?"

"Mama wa nyumba ya wageni amepiga simu hapa mchana." Mzee alikuwa anakunja shati, na alikuwa analikunja vibaya. "Anathibitisha vyumba. Kimoja cha mzee, kimoja cha shemeji yake, kimoja cha dereva. Nikamwuliza, na mimi na mke wangu? Akasema, mkeo haji, hujui?"

Mama Redio akaliangalia lile sanduku kubwa.

"Mimi nilikuwa sijui," mzee akasema. "Nimepanga sanduku la watu wawili, mjinga mimi. Nguo zako za baridi ziko chini, ziangalie."

Zilikuwepo. Sweta lake la kijani, lililokunjwa kwa mikono ya mwanamume, mkono mmoja ndani mmoja nje.

"Hukuniambia twende," akasema, na sauti yake, ile ambayo haijawahi kutetemeka hata siku gari lilipowaka moto mlimani, ikatetemeka.

"Niseme nini? Tangu lini dereva anaomba? Wewe ndiye unayepanga. Nikasema, safari hii anaipanga vizuri hivi kwa sababu na yeye anakwenda." Akaliacha shati. "Mke wangu, nimekwenda kila uliponituma. Sijakataa hata siku moja, mvua, jua, homa. Sauti yako nimekuwa nayo kwenye kila kilima cha nchi hii. Sasa nimestaafu, bado unanituma? Nimechoka kukusikia kwenye kisanduku. Mimi bia naweza kuletewa na Spana. Nilichokuwa nakwenda kuonja si bia peke yake."

Mama Redio akaketi kitandani, juu ya mashati yaliyonyooshwa. Alikuwa analia na anacheka, na hakujua kipi kilitangulia. "Mimi nilikuwa nangoja uniambie twende," akasema. "Kila siku. Nimeacha nafasi ubaoni."

"Na mimi nilikuwa nangoja nisikie umejitaja."

"Wazee wazima."

"Wajinga wazima," mzee akasema, akaketi naye, na sanduku likaanguka. Hakuna aliyeinama kuliokota.

Lakini lilibaki jambo, tena si dogo. Kile kiti. Mama Redio hakuwahi kukiacha siku ambayo magari yako njiani. Harusi za ndugu alikwenda usiku, akarudi alfajiri. Binti wa zamu alikuwa mzuri, alijua njia zote, lakini kumwachia peke yake siku nzima, na kesho yake, na kesho kutwa? Akamtazama mumewe, aliyekuwa ameanza kurudisha mashati sandukuni bila kusema neno, akimwachia aamue. Akapiga moyo konde, akampigia bosi.

"Naomba likizo. Kuanzia kesho."

"Likizo?" bosi akashtuka. "Wewe? Pole sana, mama. Umefiwa na nani?"

"Sijafiwa. Nakwenda kunywa bia na mume wangu."

Upande wa pili ikasikika sauti ya mtu anayejaribu kutocheka. Bosi akasema aende, na asirudi kabla ya Jumatatu, na kama ana huruma amletee chupa moja. Baada ya hapo Mama Redio akapiga simu ya mwisho, ya nyumba ya wageni, akabadilisha chumba. Mama yule alipiga kigelegele kikasikika mpaka sebuleni.

Asubuhi walikutana yadini. Mama Redio aliingia ofisini akamkabidhi binti wa zamu kiti, redio na ubao, akamwonyesha mara ya pili vitu ambavyo binti alivijua tangu mwaka jana, kisha ya tatu, mpaka Mzee Taratibu akaja kumshika mkono. Nje, madereva waliokuwa kwenye benchi wote walisimama. Mpangaji anapanda gari! Mmoja alivua kofia. Mwingine akauliza kama dunia inakwisha leo au watapata chai kwanza.

Mzee Taratibu, kwa mazoea, alikwenda moja kwa moja mlango wa kulia, akaufungua, akamkuta binti wa teksi ameshika usukani.

"Shikamoo, babu. Kiti chako ni cha nyuma."

"Marahaba." Akasimama pale kidogo, mtu asiyejua kukaa nyuma anavyosimama. Kisha akazunguka, akaingia, akakaa pembeni ya mke wake. Spana akakaa mbele, akalalamika kwamba hakuna mahali pa kuweka miguu, na gari likaondoka.

Walipotoka getini, Mama Redio alishika mkono wa mlango kwa nguvu. Barabara, ambayo si ile ya kwenda kwao, ilizunguka ukuta wa yadi, ikapanda kidogo kuelekea njia kuu. Kila alichokuwa akikijua kwa jina sasa kilikuwa na rangi. Kituo cha mafuta kilikuwa cha njano, na yeye siku zote alikiona cha bluu kichwani mwake. Kila alipokitaja kitu, mumewe alisema "ndiyo, hicho," kwa fahari ya mtu anayeonyesha nyumba yake. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga breki ambayo haikuwepo. Mama Redio aliona, akaucheka, mzee naye akacheka, akauweka juu ya mwingine ili utulie.

"Binti, punguza mwendo hapa," Mzee Taratibu akasema ghafla. "Taratibu. Hapa. Mama, tazama kulia kwako."

Pale juu ya kilima kidogo, ukuta wa yadi ulikuwa mfupi. Juu yake lilionekana jengo la ofisi, na dirisha moja dogo, na ndani ya dirisha kichwa cha binti wa zamu kimeinama.

"Ofisi yangu!" Mama Redio akasema. "Kumbe inaonekana huku?"

"Inaonekana. Hapa ndipo nilipokuwa nakupungia mkono."

"Lini?"

"Kila safari. Tangu ya kwanza. Nikifika hapa napunguza gia, nakupungia, ndipo naingia njia kuu."

Mama Redio alimgeukia. "Mimi sikuwahi kukuona."

"Najua," mzee akasema, bila kinyongo. "Ulikuwa umeinama hivyo hivyo, unamtaja anayefuata. Nilisema siku moja atainua kichwa."

Mama Redio akaligeukia tena jengo lile. Alitazama lile dirisha, akaziona nywele zilizosukwa za binti zimeinamia redio, na nyuma ya hizo akajiona yeye mwenyewe, miaka na miaka, na lori linapita hapa na mkono nje ya dirisha. Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. Kisha akateremsha kioo cha mlango mpaka chini, akatoa mkono nje, mkono mzima mpaka bega.

"Piga honi, mwanangu," akamwambia dereva. "Piga sana."

Binti wa teksi akabonyeza honi na kuishikilia. Mzee Taratibu akateremsha kioo cha upande wake, akatoa mkono naye, ingawa upande ule ulikuwa unatazama shamba tupu. Spana, ambaye hakuwa ameelewa lolote, akapunga pia. Waliendelea kupunga na kupiga honi, gari limesimama katikati ya njia, mpaka kule dirishani kichwa kikainuka.